Nani Anamwezesha Nani? Basi la Wanawake wa Mraru na Msamiati wa Mikopo

Ni nadra siku hizi kusikia hotuba ya maendeleo isiyokuwa na neno uwezeshaji. Waziri akizindua hazina, ni uwezeshaji. Afisa wa mikopo akikutana na akina mama chini ya mwembe, ni uwezeshaji. Sisi wanafunzi wa sarufi tunajua kwamba neno hili limejengwa juu ya kauli ya kutendesha: yupo anayeweza tayari, na yupo anayefanywa aweze. Makala haya yanauliza swali ambalo mofimu hiyo inalizua yenyewe, na kulijibu kwa kurejelea kijiji cha Mraru, katika eneo la Voi, ambako wanawake waliwahi kununua basi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Mraru aliyetaka kupeleka mazao yake sokoni Voi, au mtoto wake hospitalini, alikuwa na shida moja iliyo wazi. Magari yalifika kijijini yakiwa yamejaa, na nafasi chache zilizosalia zilichukuliwa na wanaume, maadamu mila iliwapa haki ya kutangulia. Mama alibaki kando ya barabara na kikapu chake. Wanawake hao walikuwa na kikundi, nao wakaanza kuweka akiba shilingi kwa shilingi, kwa miaka kadhaa. Sehemu ya bei ikapatikana kwa michango yao, iliyobaki kwa mkopo, na mwaka 1975 basi likaanza safari. Nauli ililipa deni, na faida iliyofuata ikawawezesha kufungua duka. Wanaume nao walipanda, kwa nauli.

Naomba msomaji autazame mfuatano huo: shida kwanza, kisha akiba, kisha mkopo. Mkopo ulikuja mwisho, ukakuta watu ambao tayari wana fedha zao, uamuzi wao na chombo wanachokijua matumizi yake. Kwa lugha ya sarufi, hawakuwezeshwa, walijiwezesha. Kiambishi ji- hapo hakikuwekwa kwa mapambo.

Aghalabu historia ya mikopo midogo huanzishwa Bangladesh, mwaka 1976, Muhammad Yunus alipoanza majaribio yaliyozaa benki ya Grameen mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2006. Simnyimi sifa yake. Lakini basi la Mraru lilikuwa barabarani mwaka mmoja kabla ya majaribio hayo, na vikundi vya mabati vya Kenya, ambamo wanawake walichangiana kuezeka nyumba zao, vilitangulia pia. Asasi za kukopesha wanawake zilikuja baadaye: Kenya Women Finance Trust mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Hazina ya Wanawake ya serikali mwaka 2007. Zimesaidia wengi. Hata hivyo, katika mikopo mingi ya leo mfuatano umepinduliwa: mkopo unatangulia, na shida ya kuutumia inatafutwa baadaye.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Chukua mkopo wa shilingi 20,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 20 ya kiasi chote cha mwanzo. Utalipa 4,000 juu yake. Lakini kwa kuwa unarudisha kila wiki, kwa wastani unashikilia takriban nusu tu ya fedha hizo; kwa hiyo riba halisi inakaribia maradufu ya ile uliyotajiwa. Isitoshe, marejesho yanaanza mapema, ilhali mahindi ya Voi yanangoja mvua, na tembo wa Tsavo nao hawana kalenda ya marejesho. Watanzania, kwa ubunifu wao wa lugha, wameibatiza mikopo mibaya zaidi ya aina hii jina la kausha damu. Neno hilo halikutoka kwenye kamati yoyote ya istilahi, nalo linaeleza kuliko ripoti nyingi.

Sitaki kuonekana nasifu ya kale kwa upofu. Basi la Mraru lilichakaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 lilikuwa likiharibika mara kwa mara, na kikundi hakikuwa kimejiwekea fedha za kutosha kununua jingine. Barabara ya vumbi haina huruma kwa injini. Anayedai kwamba akiba peke yake inatosha hana budi kulieleza basi hilo. Walikosa elimu ya uchakavu wa mali, na hapo mshauri wa fedha angekuwa na kazi ya maana kuliko afisa wa kukusanya marejesho.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Kisa cha Mraru kilichapishwa New York mwaka 1980, katika kijitabu cha Kiingereza kilichokusudiwa kuwafunza wanawake wa nchi nyingine. Mimi nilikipata nikitafuta kitu kingine kabisa. Masimulizi ya waliopanda basi hilo yanastahili nafasi katika utafiti wa fasihi simulizi, na wahusika wanazeeka. Tunakwenda nyanjani kutafuta hekaya za sungura tukawapita watu hawa sebuleni.

Likizo iliyopita shangazi yangu, ambaye ni mwanachama wa kikundi cha mikopo, alinipa karatasi aliyotia sahihi miaka miwili nyuma. Ilikuwa kurasa nne za Kiingereza. Nikamtafsiria, na tulipofika kifungu cha dhamana alinisimamisha.

"Soma tena hapo, mwanangu."

Nikasoma: kila mwanachama anawajibika kwa deni la kila mwenzake, na mali yake yaweza kuchukuliwa kulilipa. Shangazi alinyamaza, kisha akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini mwaka uliopita walitumwa wakabebe cherehani ya jirani yao. Alikuwa miongoni mwa walioibeba.