Wasimamizi wa Vituo vya Kura Wafunzwe Mapema

Wengi wetu tukisikia neno uchaguzi tunamfikiria Rais, Mbunge na Diwani. Lakini mkulima wa Ngerengere anajua kwamba upo uchaguzi mwingine unaomfikia mlangoni kwake, nao ni ule wa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti ndiye anayeamshwa usiku ng'ombe wanapoingia katika shamba la mahindi. Yeye na wajumbe wake ndio wanaogawa ardhi ya kijiji, kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kufuatana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Uchaguzi huo ulifanyika mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na kwa kuwa kipindi chake ni miaka mitano, mwingine unatazamiwa mwaka 2029.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuyazungumze haya mapema kiasi hiki. Jibu ni kwamba tumezoea kuyazungumza kwa kuchelewa. Mwalimu huitwa siku chache kabla ya kupiga kura, hukusanywa pamoja na wenzake katika ukumbi wenye joto, husomewa kijitabu cha maelekezo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hula kiapo, hutia sahihi ya posho, kisha huambiwa kwamba amehitimu. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa katika ukumbi wa namna hiyo, katika wilaya ambayo sina haja ya kuitaja. Swali lililoulizwa mara nyingi kuliko yote lilihusu posho. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika karatasi ya kura kwa mikono yake, wala aliyejaza fomu ya matokeo kwa majaribio. Siwalaumu wenzangu, maana posho ni haki yao na mara nyingi hucheleweshwa. Ninachosema ni kwamba kusomewa si kufunzwa, na sisi walimu tunalijua jambo hilo kuliko watumishi wengine wote.

Tazama basi kazi inayomngoja mtu huyo. Kituo kinafunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Kabla ya kura ya kwanza kupigwa hana budi kulifungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama na wananchi waliopo, walione kuwa ni tupu, ndipo alifunge. Akilisahau tendo hilo la dakika tatu, hata akiendesha mambo yake kwa uaminifu siku nzima, hatakuwa na la kumjibu atakayedai jioni kwamba sanduku lilikuja na kura ndani. Atafikiwa na bibi asiyeona, aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. Msaidizi ni yule aliyechaguliwa na bibi mwenyewe. Wakala wa chama hana ruhusa ya kujitolea, na msimamizi asimwandikie kwa huruma. Atafikiwa pia na kijana aliyekosea alama na kurudisha karatasi akiomba nyingine. Karatasi hiyo ni kura iliyoharibika, nayo huwekwa kando. Kura inayotolewa sandukuni wakati wa kuhesabu, ikaonekana haielezi nia ya mpiga kura, ni kura iliyokataliwa. Asiyezitofautisha hizi mbili hesabu yake haitalingana na idadi ya karatasi alizopokea, na hapo ndipo minong'ono inapoanza.

Hesabu yenyewe katika kijiji ni ngumu kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Mpiga kura wa kijijini hamchagui mtu mmoja tu. Anamchagua mwenyekiti wa kitongoji, anamchagua mwenyekiti wa kijiji, kisha anawachagua wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, wakiwamo wa kundi la wanawake. Mtu aliyeamka alfajiri, hakula mchana, na sasa anahesabu kwa mwanga wa taa huku mawakala wamemsongea, anaweza kukosea bila nia mbaya yoyote. Lakini mwananchi aliyeshindwa kwa kura nne hana namna ya kupima nia ya mtu. Yeye anaiona fomu iliyofutwafutwa tu.

Ngerengere inatufundisha pia ugumu wa orodha ya wapiga kura. Mji huu mdogo umekua kandokando ya reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, na sasa reli mpya ya kisasa nayo ina kituo hapo. Kuna mashamba ya mkonge yaliyowaleta vibarua kutoka mikoa ya mbali, kuna kambi ya jeshi, kuna wafugaji, na kuna Waluguru ambao babu zao walikuwapo kabla ya hayo yote. Kila anayeishi katika kitongoji, aliyetimiza miaka 18, raia na mwenye akili timamu, ana haki ya kuandikishwa. Swali la nani ni mkaazi na nani ni mpita njia haliishi kwa kutazama sura au kusikiliza lafudhi ya mtu. Mwaka 2024 uandikishaji ulifanyika kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, katika orodha iliyo mbali kabisa na Daftari la Kudumu. Wapo wananchi waliodhani kadi zao za mpiga kura zinatosha. Kuwaeleza ni kazi ya mwandikishaji, naye hawezi kuwaeleza jambo ambalo hata yeye hakufafanuliwa.

Nchi yetu imekwisha kulipia gharama ya maandalizi mabovu. Katika uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2014 vifaa vilichelewa katika baadhi ya maeneo, na kwingine karatasi za kura zilikuwa na makosa, hata baadhi ya wakurugenzi wa halmashauri wakavuliwa nyadhifa zao au kusimamishwa. Mwaka 2019 ugomvi ulihamia kwenye fomu za wagombea. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, aghalabu kwa madai ya kukosea kujaza, vyama kadhaa vikajitoa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena mwaka 2024. Ushindi unaopatikana kwa sababu mtendaji amekataa fomu yenye kosa la herufi hauwezi kumpa mwenyekiti heshima anayoihitaji siku atakapoamua mgogoro wa mpaka wa shamba. Watakaomtii ni wale waliomtaka, na wengine watamwona kama mtu aliyewekwa. Kwa hiyo mtendaji wa kijiji au wa kata anayepokea fomu hana budi kufunzwa sawasawa na anayesimamia sanduku, tena afunzwe kumwelekeza mgombea kusahihisha kosa dogo mapema, bila kutazama kofia aliyovaa.

Yanayotakiwa si mengi. Mafunzo yagawanywe kwa vitendo, kila mmoja aendeshe kituo cha mfano, ahesabu kura mia za majaribio na kujaza fomu yake mpaka hesabu ikubali. Asiyeweza aachwe, hata kama ni mwalimu mkuu. Wanaofaulu majina yao yatunzwe na halmashauri, ili mwaka 2029 tusianze tena na watu wapya. Na wale watakaopangiwa Kinole au Tegetero, ambako vijiji vimening'inia katika miteremko ya Uluguru na mvua za vuli za Novemba hugeuza njia kuwa utelezi, wapelekwe na vifaa vyao siku iliyotangulia, wapewe taa na chakula, na posho yao walipwe kabla hawajaondoka.