Kijani kilichokolea ukutani: kipakwe chini, juu tuachie mwanga

Wasikilizaji wetu wa Goma, na ninyi jamaa mliohama kutoka Masisi na Rutshuru, leo tuongelee rangi. Najua wako watakaosema: vita haijaisha, huyu anatuletea habari ya kupaka nyumba? Lakini jamaa iliyokaa ndani ya hema kule Kanyaruchinya au Bulengo, mpaka kambi zikavunjwa mwanzoni mwa 2025, ikipata chumba chenye mlango wa kufunga, si ajabu mama atazame kuta kabla ya kutafuta kiti. Hiyo si anasa.

Rangi ninayoitetea ni kijani kilichokolea na kutulia, cha jani la avoka lililokomaa. Hapa kwetu nyumba nyingi ni za mbao, juu ya mawe ya volkano. Vumbi ni jeusi, na makala tunayopikia yanaacha masizi. Ukuta mweupe haukawii kujaa alama za vidole vya watoto hadi kimo cha kiuno. Kijani hiki kinavumilia.

Lakini sikubali mtu apake chumba kizima. Madirisha yetu ni madogo, nyumba ya jirani iko karibu, umeme unakuja na kwenda. Ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Kijani kizito kinaumeza karibu wote. Mtoto anayeandika kazi ya shule kwa taa ndogo ya jua ndiye atakayeumia macho. Kwa hiyo paka kijani chini, mita 1 kutoka sakafuni, juu weka nyeupe. Shule na vituo vya afya vingi vya zamani vimepakwa hivyo hivyo, chini rangi nzito, juu nyepesi. Tena ni nafuu: chumba cha mita 3 kwa 3 kinakudai kama mita 11 tu za mraba za kijani, ukiondoa mlango. Ukipanda hadi darini ni zaidi ya mara mbili.

Chokaa haitakupa rangi hii, maana weupe wake utaipausha. Tafuta rangi ya maji. Kama kijani cha dukani kinang'aa mno, usikimbilie nyeusi. Tia nyekundu ya matofali kidogo kidogo huku unakoroga, itatulia yenyewe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Kiache kikauke, kwa sababu rangi ya maji mara nyingi hukolea ikikauka, kisha kitazame saa ya jioni kwa taa ile ile unayotumia nyumbani.

Kuna kijani kimoja ninachokikataa: kile chenye umanjano, cha nguo za askari. Mtoto aliyekimbia risasi asilale akitazama rangi hiyo. Mwambie fundi aongeze tone la buluu.

Na tukitaja risasi, kuna madini ya jina hilo hilo yanayotiwa katika rangi nyingine, hasa za manjano, na za kijani zilizochanganywa kwa manjano hiyo. Yanaharibu akili ya mtoto, na aliyeharibika harudi alivyokuwa. Shirika la afya la dunia linashauri yasizidi sehemu 90 katika milioni. Soma kopo, tafuta maneno “sans plomb”. Kopo lisilo na maandishi, liache dukani hata kama ni rahisi. Rangi ya zamani usiikwangue kavu. Ilowanishe, na watoto wawe nje.

Linaloniudhi zaidi ni wenye nyumba. Mpangaji amelipa garanti, amenunua rangi, chumba kimependeza, halafu kodi inapanda. Huo ni wizi wa mchana. Kabla ya kufungua kopo, kubalianeni kwa karatasi, mbele ya shefu wa avenyu, kwamba bei ya rangi itakatwa kwenye kodi. Akikataa, usipake ukuta wake. Paka vipande vya tripleksi, vipigilie kwa misumari midogo kwenye kimo kile cha mita 1, na siku ya kuhama ving'oe uende navyo.