MAUMIVU YA KIFUA YAPEWE HARAKA YA UCHUNGU WA UZAZI (Sehemu ya 4)

Sehemu zilizopita tuliongea presha, sukari na chumvi. Leo nina hoja moja tu, na najua wapo watakaonibishia: kwenye nyumba zetu za Nachingwea na Ruangwa, mtu mzima anayebanwa kifua apewe haraka ileile tunayompa mama mwenye uchungu. Sio kesho. Sio korosho zikishauzwa. Sasa hivi.

Angalieni tunavyofanya. Mama akishikwa uchungu saa nane usiku, nyumba nzima inaamka. Mmoja anapiga simu ya usafiri, mwingine anakusanya khanga, jirani anabaki na watoto. Hakuna anayesema tusubiri kukuche tuone. Lakini baba mkwe akisema kifua kinambana na jasho linamtoka, tunaanza kikao. Huyu anasema gesi, yule anasema chembe, mwingine vidonda vya tumbo, mwingine amechezewa. Anapewa soda, anachuliwa mgongo, asubuhi anatumwa mtoto duka la dawa. Siku ya tatu ndo tunaletewa mgonjwa.

Hayo sio maneno yangu ya mtaani tu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, kwenye hospitali ya rufaa mjini Moshi. Watafiti waliwafuatilia watu wazima 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakawapima umeme wa moyo na damu. Watu 152 walikutwa na shambulio la moyo, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Na kwa wastani walikuwa wamekaa na dalili zaidi ya siku sita kabla ya kufika.

Siku sita jamani! Msuli wa moyo ukikosa damu unaanza kufa ndani ya dakika, na kila saa inayopita sehemu kubwa zaidi inapotea.

Utafiti uleule haukutuacha salama sisi watoa huduma. Kati ya wale 152, waliopewa aspirini pale dharura walikuwa 35 tu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hakupewa hata mmoja. Baada ya siku 30, kati ya 150 waliopatikana kufuatiliwa, 65 walikuwa wamefariki. Kwa hiyo nikisema familia ziwahi, nasema pia sisi tunaopokea tuwe tayari. Lawama haikai upande mmoja.

Sasa najua swali linalokuja: "Nesi, mtambo wa kuzibua mishipa ya moyo uko Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mimi niko Ruangwa. Niwahi ili iweje?"

Swali zuri. Jibu lake lina umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 waliohisiwa kuwa na shambulio la moyo. Humo hakupimwa mtambo, zilipimwa dawa. Waliopewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja, vifo vyao katika wiki tano za mwanzo vilipungua kwa karibu robo. Waliopewa aspirini pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Aspirini, mama zangu! Kidonge ambacho bei yake haifikii soda mliyompa.

Wenzetu wa mbali wamefika kwingine kabisa. Mwaka 2024 watafiti wa Sweden, Estonia na New Zealand walitoa matokeo ya wagonjwa 5,020 walioponea shambulio la moyo na ambao moyo wao bado unasukuma damu vizuri. Walitaka kujua kama dawa moja ya siku nyingi ya kupunguza kasi ya moyo bado ina faida kwa watu wa aina hiyo. Haikuonekana kuwapunguzia vifo wala shambulio jingine. (Usiache dawa yako kwa sababu ya habari hii, ongea kwanza na daktari wako.) Wao wanajadili dawa gani wapunguze. Sisi bado tunajadili kama mgonjwa aondoke nyumbani.

Halafu kuna nyie wenyewe, akina mama. Tunadhani moyo ni ugonjwa wa wazee wa kiume wenye vitambi. Hapana. Mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba iliyofikia kifafa cha mimba, au iliyokaribia kufika huko, uwezekano wake wa kuugua moyo baadaye ni kama mara mbili ya mwenzake. Na dalili kwa mwanamke zinaweza kuja kwa kificho: kuchoka kusiko kwa kawaida, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya. Unasema ni uchovu wa shamba, unaendelea kusonga ugali.

Mtaniuliza, kila kiungulia nikimbilie hospitali? Hapana. Ila maumivu au uzito katikati ya kifua unaozidi dakika 15, au unaokwenda begani, mkononi, shingoni au kwenye taya, au unaokuja na jasho la baridi, kutapika au kukosa pumzi, huo usiujadili. Ikionekana ni gesi, umepoteza nauli ya bodaboda. Ikiwa sio gesi na umebaki nyumbani, hasara yake unaijua.

Sindano ya diklofenaki ya haraka haraka sio jibu. Inatuliza maumivu wakati mshipa bado umeziba, na dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Aspirini nayo mpigie mhudumu wa afya kwanza mkiwa njiani, kwa sababu haimfai kila mtu, hasa anayetapika damu, mwenye mzio nayo, au aliyepooza ghafla upande mmoja.

Namba 115 ya m-mama ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na imetufundisha jambo kubwa: usafiri ukipangwa mapema, watu wanapona. Basi tuipange ya kwetu ya kifua. Leo usiku kaeni na mume, mjibu maswali matatu. Bodaboda au gari gani tutampigia usiku? Pesa ya dharura iko wapi, isiyongoja mnada wa korosho? Kituo gani kati ya tunavyovifikia kina kipimo cha umeme wa moyo?

Hilo la tatu mkikosa jibu, mlipeleke kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani. Ulizeni kipimo, ulizeni aspirini pale mapokezi, ulizeni nani amefundishwa kukisoma hicho kipimo. Wale watafiti wa Moshi walipotafuta dawa ya tatizo lao walianza na mafunzo kwa watoa huduma, kadi za kuwatambua wagonjwa mapokezini na vipeperushi. Hakuna mabilioni humo. Mlisimama mkadai wodi za wazazi, zikajengwa. Na hili mnaliweza.

Sehemu ya 5 nitaongea kuhusu dawa baada ya kuruhusiwa, na kwa nini tunaziacha tukijisikia nafuu. Usiku mwema.