Njaa haimfundishi mbwa kuwinda

Kuna neno moja linalorudiwa sana kwetu, kuanzia Sake mpaka Walikale-centre: «Mbwa akishiba, haendi tena ku pori.» Mtu akipata mtoto wa mbwa, neno la kwanza analoambiwa na majirani ni hilo. Asimzoeze chakula. Amuache ajitafutie. Ampe kidogo tu jioni, na kama anataka awe mkali, amtilie pilipili ndani. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: «Ni mila yetu. Bakubwa walifanya vile.»

Sisi tunakataa. Tena tunakataa humu humu, katika kitabu cha mila, sababu ndipo mahali pake. Hiyo si mila. Ni umaskini uliovaa nguo ya mila. Na mtu akishindwa kutofautisha mambo hayo mawili, atawafundisha watoto wake shida ya jana akidhani anawafundisha hekima ya mababu.

Mababu walimtazamaje mbwa?

Tuanze na Banyanga wa Walikale. Masimulizi yao yanasema moto ulikuwa kwa Nyamurairi, na kwamba mbwa ndiye aliyeuiba akamletea mtu, kiisha wakafanya urafiki. Ndugu msomaji, watu wanaosema jiko lao lilianza kwa msaada wa mbwa, watamfukuzaje mbwa huyo jikoni bila kitu? Masimulizi hayo yanatuonyesha nafasi ya mbwa: yuko karibu na moto, karibu na chungu, kama mwenzi aliyeleta kitu na anayestahili kupata kitu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mbwa wa zamani wa pori letu habweki kama mbwa wa mjini. Ndiyo sababu wawindaji walimfunga kengele ya mti, wapate kusikia anapopita ndani ya majani. Mbwa anakimbiza nyama, mwindaji anafuata sauti ya kengele, na mara nyingi mbwa anafika wa kwanza. Hapo tunauliza wale wanaosifu njaa: mbwa ambaye hajala siku mbili, akimkamata swala mdogo wa pori peke yake, atamngojea bwana wake? Atamla. Mwindaji atakuta mifupa na manyoya. Mbwa anayengojea ni yule anayejua kwamba fungu lake halipotei. Kwa wawindaji wengi wa pori la Afrika ya kati, mwenye mbwa alikuwa na haki yake katika nyama iliyouawa, na mbwa mwenyewe alipata kipande pale pale. Hiyo ndiyo sheria iliyomfundisha. Mbwa anakimbia kwa ajili ya mchezo wa damu yake na kwa kumzoea bwana wake. Njaa inamwondolea tu nguvu za miguu.

Basi neno hili la njaa limetoka wapi? Sisi tunaona hivi. Vita vilivyoanza Ntoto katika Walikale mwezi wa tatu wa mwaka 1993 vilisambaa mpaka Masisi, na baada ya hapo hatukupumzika: 1996, 1998, 2008, 2012, mpaka mwezi wa tatu wa 2025, vita vilipofika Walikale-centre yenyewe. Watu walikimbia na kurudi, wakakimbia tena. Mashamba yaliliwa na wengine. Nani alikuwa na kitu cha kumpa mbwa? Hakuna. Hatumlaumu mtu wa wakati ule. Lakini mtoto aliyezaliwa 1993 leo ni mzazi. Yeye hakumwona mbwa aliyeshiba. Aliona mbwa wenye mbavu nje, akasadiki kwamba mbwa anakuwa hivyo, na sasa anaita hali hiyo desturi.

Kosa la pili: kudharau cha kwetu

Upande mwingine wako ndugu zetu waliokaa Goma, au waliopata kazi nzuri. Hao hawasemi njaa. Wao wanasema mbwa wa kijiji si mbwa. Wanataka mbwa mkubwa wa Kizungu, na chakula chake kiwe krokete, zile punje kavu za mfuko kutoka ng'ambo. Wanamcheka mtu anayempikia mbwa maharagi.

Hao nao tunawajibu. Mbwa huyu wanayemdharau, wenzetu wa ng'ambo walimvukia bahari. Mwaka 1895 mbwa wa Kongo walionyeshwa Uingereza katika maonyesho makubwa ya Crufts, wakafa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walifika huko wakapona, na watu walisongamana kuwatazama. Leo ulimwengu mzima unawaita basenji. Hata mwaka 1987 na 1988, wafugaji wa Marekani walirudi kaskazini-mashariki ya Zaire ya wakati ule kutafuta mbwa wa vijijini, sababu wale wa kwao walikuwa wachache wa ukoo mmoja na magonjwa ya kurithi yaliwasumbua. Walikuja kuomba damu mpya kwa mbwa wanaokula chakula cha kijiji. Na sisi tunaona haya!

Hatusemi krokete ni sumu. Zikiwa nzuri, zinamlisha mbwa vizuri. Lakini ni za bei, mfuko ukifunguliwa unaingia unyevu, na barabara ya Goma tunaijua: ikifungwa wiki mbili, mbwa wa krokete atakula nini? Chakula kizuri cha mtoto wa mbwa ni kile utakachoweza kumpa kesho pia. Ukimbadilishia kwa ghafla, ataharisha.

Mtoto wa mbwa anahitaji nini?

Hapa tuache maneno makali, tuseme kama walimu. Mtoto wa mbwa anaanza kuonja chakula akiwa na wiki tatu au nne, na anafaa kuachana na mama yake akiwa na wiki nane hivi. Kwetu wengi wanamchukua akiwa na mwezi mmoja, halafu wanashangaa akifa.

Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto wa mbwa anahitaji karibu mara mbili ya nguvu anazohitaji mbwa mzima. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hawezi kula mara moja jioni. Mpaka miezi mitatu ale mara nne kwa siku. Mpaka miezi sita, mara tatu. Baadaye mara mbili zinatosha. Maji safi yawepo siku zote.

Anahitaji pia chakula cha kujenga mwili, yaani protini: katika chakula kikavu, walau sehemu 22 kwa 100. Unga wa muhogo una sehemu 1 au 2 tu. Ndiyo maana mbwa anayelishwa bugali mtupu wa muhogo anajaa tumbo na hakui. Maharagi yana sehemu 20 hadi 25. Samaki wadogo wakavu wanapita 50. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari anaiweza.

Basi tazama kilicho nyumbani. Masisi tuko na maharagi, mahindi, viazi, na maziwa. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi, sababu maziwa ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili kuliko ya ng'ombe, na mtoto wa mbwa akinywa mengi anaharisha. Maziwa ya mgando kidogo yanamfaa zaidi. Yale maji yanayobaki wakati wa kutengeneza fromaji yanaweza kulainisha bugali wake, lakini kwa kiasi kidogo. Walikale tuko na ndizi, mawese, samaki wa mito. Na pande zote mbili sokoni kuna samaki wadogo wakavu, pamoja na sambaza wa ziwa Kivu. Sambaza huyo aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayesema si chakula chetu. Mila inayoishi inapokea.

Chakula cha kila siku kiwe hivi: bugali wa mahindi uliolainika, maharagi yaliyoiva sana na kupondwa, konzi ndogo ya sambaza waliotwangwa pamoja na vichwa na mifupa yao, na tone la mawese. Ile mifupa midogo iliyotwangwa ndiyo inampa kalsiamu. Akiikosa, miguu inapinda, na mbwa wa miguu iliyopinda hatawinda wala hatalinda. Siku ukichinja, mpe damu na matumbo, lakini yaliyopikwa. Ini na mapafu mabichi ya mbuzi na ng'ombe yanaweza kuwa na malengelenge yenye maji ndani. Mbwa akiyala anapata minyoo ambayo mayai yake yanarudi kwa watoto wetu.

Na wale wanaosema mbwa ni nyama ya pori, ale nyama mbichi tu, nao wasikie. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa-mwitu, ana uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga. Amekaa jikoni kwetu maelfu ya miaka, mwili wake ukazoea chungu chetu.

Mambo ya kukataa kabisa: pilipili, sababu inamchoma tumbo bila kumpa ukali wowote, kasiksi na kanyanga, vitunguu, vinavyoharibu damu yake, muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri, mifupa ya kuku iliyopikwa, inayovunjika kama sindano, na mahindi yaliyoota ukungu. Watu husema, «Imeoza, patia mbwa.» Sumu ya ukungu ule inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Tena tumbo kubwa la mtoto wa mbwa mara nyingi si shibe. Ni minyoo aliyoipata tangu tumboni mwa mama yake. Umwone veterinere kwa dawa.

«Na batoto je?»

Liko neno moja zito ambalo hatutalikwepa. Mama mmoja anaweza kutuuliza: «Mwalimu, unapatia mbwa maharagi, na batoto ba bakimbizi banalala njaa?» Swali hilo ni la haki. Mtu akiwa kambini hana kitu, hatumwambii alishe mbwa kabla ya mtoto. Mtoto kwanza, bila mjadala.

Lakini tufikirie mpaka mwisho. Mbwa aliyenyimwa chakula hakai nyumbani. Anazunguka kwenye takataka, anaiba mayai, anapigana na mbwa wa mbali, na huko ndiko anakutana na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu karibu 59 000 kila mwaka ulimwenguni, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kwamba kati ya watu 10 walioumwa na mbwa wa kutiliwa shaka, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwetu, ambapo kutoka kijiji fulani mpaka kwenye chanjo ni siku mbili kwa miguu, dalili zikishaonekana hakuna dawa tena. Kwa hiyo vichwa vya samaki na maji ya maharagi unayomwekea mbwa mlangoni ni sehemu ya ulinzi wa mtoto, pamoja na chanjo ya mbwa mwenyewe. Mbwa aliyekula analala uwanjani, na usiku anaamka.

Tena tusidanganyane juu ya kuwinda. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975 mpaka ndani ya misitu ya Walikale. Humo kuwinda ni marufuku, na hata nje yake nyama imepungua. Kazi kubwa ya mbwa wa leo ni kulinda: mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe-pori, mbuzi wasiibiwe. Mlinzi wa njaa anamfuata yeyote mwenye mfupa mkononi, hata mwizi.

Kwa hiyo tunawaomba wazee: semeni ukweli mbele ya vijana, kwamba mbwa hodari wa zamani mlimlisha. Vijana: msichukue watoto watano wa mbwa kwa majivuno ya kuonekana wawindaji. Chukua mmoja, na kabla ya kumchukua uliza nyumbani kama kuna konzi ya maharagi itakayobaki kila siku. Kama haipo, mwache kwa mama yake, au umwachie jirani aliye nayo. Hilo si aibu.

Waswahili wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema mtoto wa mtu tu.