Barabara ya Bigwa–Kisaki iitwe ya Wapagazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nichangie juu ya desturi ya kuzipa barabara majina ya mashujaa. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, majina ya barabara yamekuwa mazungumzo hata huku vijijini. Kila inapotajwa barabara yetu itokayo Bigwa, Morogoro, kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki, hawakosekani wanaosema ipewe jina la askari mmoja mwenye nishani. Mimi sikubaliani nao.

Barabara hii ilikuwa njia ya vita. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza, yakiongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, yaliingia Morogoro mjini. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa wanarudi nyuma kuizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, na Septemba mwaka huo huo palipiganwa Kisaki na Dutumi. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, na magari yalikwama katika matope. Kwa hiyo risasi na unga wa majeshi yote mawili ulipita juu ya vichwa vya Waafrika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, malaria na kuhara damu.

Sasa tutazame ni nani aliyekumbukwa. Kapteni Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyetunukiwa nishani ya DSO mwaka 1916, aliuawa Beho Beho, kusini ya Kisaki, tarehe 4 Januari 1917. Yeye alipewa pori zima. Ingawa mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, sehemu iliyobaki ingali inaitwa Selous. Sina ugomvi na marehemu. Kule Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wapagazi, lakini aliyesimama juu yake ni askari na bunduki yake. Mpagazi aliachiwa jina la Kariakoo tu, nalo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi lililogeuzwa na ndimi zetu. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa darasa la saba asili ya jina hilo, mmoja alijibu soko, mwingine akataja Simba na Yanga.

Hapa kijijini yupo mzee ambaye mjomba wa bibi yake alikamatwa shambani, akabebeshwa mzigo kuelekea Kisaki, asirudi tena. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye nguzo. Mpaka leo ukoo ule unamtaja katika matambiko bila kulijua kaburi lake.

Najua wapo watakaosema kwamba watu hao waliwatumikia wakoloni, si taifa. Lakini je, nani aliwauliza kama wanataka kwenda? Kuwakumbuka si kuisifu vita ile, bali ni kukiri kwamba walidhulumiwa. Wengine watasema jina la mtu mmoja hukumbukwa kwa urahisi zaidi. Ni kweli, lakini jina la mwenye nishani limekwisha kuandikwa vitabuni. Huyu wetu, tusipomwandika sisi, hakuna atakayemwandika.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, pamoja na wahusika wa barabara, walifikirie jina la Barabara ya Wapagazi, na vibao viwekwe Bigwa na Kisaki. Pia serikali za vijiji zifungue daftari, ili kila ukoo wenye mtu aliyepotea katika safari zile ulete jina lake liandikwe. Sisi walimu tuko tayari kuifanya kazi hiyo pamoja na wanafunzi wetu bila malipo. Ila tusichelewe, maana wazee wanaoyajua majina hayo wanazidi kupungua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Matombo, Morogoro.