Friji la mama na karatasi ya "hairudishwi"

Jamani wadau, leo sina stori ya hosteli wala ya tesiti. Nimerudi chuo jana kutoka nyumbani Mwendakulima, pale jirani na mgodi wa Buzwagi, na hasira bado hazijashuka.

Mama aliuza mpunga, akaongeza hela ya kikoba, tukaenda Kahama mjini kununua friji. Si la kupamba sebule, ni la kuuzia maji baridi na barafu. Biashara yenyewe siku hizi ya kubangaiza. Mgodi ulianza 2009, ukamaliza kuchenjua dhahabu 2021, wateja wa mshahara wakaondoka. Kila shilingi ya mama ilihesabiwa mara mbili.

Dukani kijana akachomeka friji, likanguruma vizuri. Laki sita na nusu. Nikaomba risiti ya EFD. "Ukitaka risiti, mdogo wangu, tunaongeza VAT." Asilimia 18, yaani 117,000 juu! Mama akanivuta shati: "Mwanangu acha, tutakosa nauli." Nikaacha. Hapo nilikosea, nakiri mbele yenu.

Tukapewa boksi kutoka stoo, sio lile tulilojaribu. Nyumbani tukalisimamisha usiku kucha kabla ya kuwasha, maana lilisafiri limelazwa. Siku ya nne kompresa kimya. Kurudi dukani: "Umeme wenu wa huko ndio umeliua, mama." Kucheki kadi ya waranti, namba yake haifanani na ya nyuma ya friji! Halafu wakatuonyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya kaunta: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Siku ya kulipa hatukuonyeshwa.

Washkaji wananiambia mnunuzi ndio ajihadhari. Ajihadhari vipi, apasue kompresa dukani? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inasema ukimweleza mfanyabiashara unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi ile. Mama alisema barafu, tena mara tatu! Na karatasi unayoonyeshwa baada ya kulipa si makubaliano, ni kibandiko tu.

Eti umeme. Kama wanajua umeme wetu unapanda na kushuka, mbona hawakumwambia mama anunue na friji gadi? Walijua wakati wa kukataa, hawakujua wakati wa kuuza?

Na risiti si anasa ya kuongezewa bei. Muuzaji lazima aitoe, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka hata wewe mnunuzi uidai. Kumbe anayekunyima risiti haibii serikali peke yake. Anakuondolea ushahidi kwamba ulinunua kwake. Ile laki moja na kumi na saba tuliyookoa ndiyo iliyotufunga mdomo.

Kwa hiyo wadau, mkienda kununua kitu cha laki kadhaa: jaribuni kile kile mtakachobeba, linganisheni namba na kadi hapo hapo, na bila risiti ondokeni. Duka la pili lipo mbele.

Mama kwa sasa ananunua barafu kwa jirani, anauza faida ya kiduchu. Friji limefunikwa kitenge. Likizo ijayo narudi na ile kadi Tume ya Ushindani, hata kama nitaambiwa najifanya msomi.

Nawakilisha.