Kona ya Nesi, sehemu ya 7: Blanketi la viraka, na shati la baba la kazini

Baridi ya Juni na Julai ikiingia hapa Makongolosi, kila mwenye mtoto mdogo anatafuta blanketi, na mengi ya sokoni ni yale ya manyoya ya nailoni. Msimamo wangu ni kwamba ushone mwenyewe, la viraka, la pamba. Na nisikusikie ukisema viraka ni umaskini. Kanga iliyofuliwa miaka 5 ni laini kuliko hayo manyoya, inanyonya jasho, na mtoto akikojoa inavumilia maji ya moto.

Ila chagua vipande. Mabaki ya kwa fundi cherehani ni ya bure au bei ndogo, lakini vitenge vingi siku hizi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja, uchome nje, mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, kipande hicho shonea kipochi.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Tunapenda kukata nguo za zamani za baba kwa sababu kitambaa chake ni kigumu, kinadumu. Kama baba anafanya kazi mwaloni, anakamatisha dhahabu kwa zebaki au anaichoma, nguo yake ya kazi isiingie kwenye blanketi la mtoto. Hata kipande kimoja. Zebaki ikishaingia kwenye kitambaa hugeuka mvuke taratibu hata bila moto, hauuoni wala hauna harufu, na mtoto anayelalia kitambaa hicho anauvuta usiku mzima. Ubongo wake bado unajengeka, na figo zake bado changa. Mama mjamzito naye vilevile, maana inavuka hadi kwa mtoto tumboni. Dunia ina mkataba mzima juu ya zebaki, wa mwaka 2013, uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako samaki wenye zebaki waliumiza watoto tangu tumboni mwa mama zao.

Najua utaniambia, "Nesi, mbona nimeifua na sabuni mara tatu?" Jamani, kufua si uhakika, na ukiifua pamoja na nepi ndiyo umeigawa. Nguo ya mwaloni ibaki kazini. Ikija nyumbani, iwe na beseni lake. Wala usiitumie kuwashia moto jikoni, maana hapo mvuke unatoka wote kwa mkupuo. Baba asikasirike, hatumsemi yeye, anatafuta riziki. Ukitaka blanketi liwe na kumbukumbu yake, kata shati lake la kanisani, mradi halikufuliwa wala kutunzwa pamoja na zile za kazi.

Kushona ni rahisi. Fua vipande vyote kwanza, pamba hurudi na rangi huchuja. Kata miraba ya sentimita 15, acha 1 ya mshono kila upande. Miraba 48, mistari 8 ya 6, inakupa kama sentimita 104 kwa 78. Nyuma weka kanga nzima na uipunguze, katikati shuka kuukuu. Sponji za godoro usitie, zinavimba maji na hazikauki. Kwa mkono ni jioni kadhaa, kwa cherehani ni siku moja.

Halafu matumizi. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asilale peke yake na blanketi limelegea juu yake, linaweza kumpandia usoni. Usiku mvalishe nguo mbili tatu zinazomkaa, na kichanga umweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kwa dakika chache. Blanketi tandika chini akichezea mkekani, au ukimbeba mgongoni asubuhi kwenda kliniki mzungushie nalo, pua na mdomo vibaki wazi.